Mjumbe wa Bodi Aliye Naif

Mume wangu Yasir alipotangaza kwamba anagombea kuingia bodi ya shule, tulikuwa tumekaa juu ya maboksi stoo anakofanyia kazi, mtaa wa Naif, tunakula biriani ya kununua, na mimi nilicheka mpaka wali ukanipalia. Nilidhani anatania. Shule yenyewe iko nje kidogo ya Malindi, na sisi tuko Dubai. Akaniangalia kwa yale macho yake ya mtu aliyeonewa. "Amne," akasema, "mtoto wetu anasoma pale au hasomi?" Nikamwambia anasoma. "Basi mimi ni mzazi." Akaendelea kula, hoja imekwisha. Ndivyo alivyo Yasir. Jambo likishamwingia kichwani, hata ufanyeje halitoki.

Ukipishana naye njiani hutamtilia maanani. Ni mtu mfupi, mwembamba, kofia ya kufuma haimbanduki, na vidole vyake vina gundi ya tepu saa zote. Kazi yake ni kufunga mizigo. Wafanyabiashara wa Mombasa, Dar na Kampala wakishanunua nguo, sufuria na vipuri vyao, wanamletea yeye avipange ndani ya boksi, alizungushie tepu, aandike jina kwa kalamu nene, boksi lisubiri meli. Ukimwambia vitu hivi havitaingia humu, anakwambia kaa hapo utazame, na vinaingia. Arbab wake, yaani tajiri aliyemwajiri, Mwarabu wa makamo asiyetaka maneno mengi, anampenda kwa hilo, ingawa mapenzi yenyewe hayajawahi kufika kwenye mshahara. Mimi nashona mabuibui kwa fundi, mtaa wa pili. Tunalala chumba kimoja na familia nyingine, pazia katikati, kwa hiyo mambo yetu ya mume na mke tunayazungumzia stoo. Kule chumbani pazia lina masikio.

Mtoto wetu ni mmoja, Shifaa. Tulimwacha kwa mama yake Yasir, Bi Hadijah, akiwa bado hajang'oka meno ya mbele. Tulisema miaka miwili tu. Kila mtu unayemwona hapa alisema miaka miwili tu. Sasa yuko gredi ya nane. Kumleta Dubai asome hatukuweza, maana hapa mtoto wa mgeni husoma shule ya kulipia, na ada zake wallahi si za mshona mabuibui. Labda ndiyo sababu Yasir aliipenda ile shule ya serikali ya kwetu mapenzi ya ajabu. Alisema ile ni mali yetu, baba zetu wameilipia kodi mpaka wamekufa, na mtu haachi mali yake ichezewe huku anatazama.

Na kwa maoni yake ilikuwa ikichezewa. Nitayasema maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu mimi nilikuwa nayaamini, na mpaka leo sijaona ni wapi penye uwongo. Alisema mwalimu amewekwa kufundisha kusoma, kuandika, hesabu na sayansi. Adabu, dini, namna ya kukaa na watu, hayo ni ya nyumbani. Shule za siku hizi, alisema, zinamchukua mtoto alfajiri na kumrudisha giza limeingia, hajui Kurani yake, hajui kuchambua mchele, hajui hata shangazi zake ni akina nani. Alitaka somo la mambo ya mwili wasichana wafundishwe kando na mwalimu wa kike, na mzazi aulizwe kwanza. Safari za tamasha za kulala nje hakuzitaka kabisa. Lakini lililomkera kuliko yote lilikuwa darasa la jioni. Kulikuwa na Mwalimu Loise, mtu wa bara, mama wa makamo, ambaye masomo ya siku yakiisha alikuwa anabaki na watoto mpaka jua linatua, anawasomesha bila malipo. Watu walimsifu. Yasir akasema saa zile ni za chuo cha Kurani na za nyumbani, na mtu akikuchukulia mtoto wako jioni nzima, hata kama hakudai shilingi, bado amekuchukulia.

"Serikali isomeshe, mzazi alee." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, na alijua kuisema.

Mwalimu mkuu hakumkatalia kugombea. Wazazi tulio nje tulishachanga tukajenga vyoo vya wasichana pale, na aliyechanga huwezi kumwambia wewe si mzazi. Mikutano siku hizi inafanywa hata kwa simu, akasema, haidhuru. Basi Yasir akaanza kampeni. Alikuwa anatuma sauti kwenye kundi la wazazi, na kwa kuwa muda mwingine hana, alijirekodi huku anafunga mizigo. Ungesikia, "Wazazi wenzangu, assalamu alaykum," halafu krrraa, tepu inavutwa, "mtoto ni amana," krrraa, "hatumwazimi mtu amana." Malindi wakampa jina Mheshimiwa Tepu. Shakir, mwenzake wa pale stoo, ambaye naye ana mtoto shule ileile, alikuwa anamshikia simu na kumwambia hapo pandisha sauti kidogo, hapo nyamaza wapige makofi. Nilikuwa nawatania, nawaambia mkishinda mtanipa uwaziri. Sikuwa nimemwona Yasir na furaha ile tangu tulipofika Dubai. Mtu ambaye siku nzima anaambiwa yalla, beba, yalla, harakisha, jioni anafungua simu na watu wazima wanamwambia umesema kweli.

Aliyejaribu kumzuia alikuwa mmoja tu, dadake, Zulaika, anayekaa na mama yao. Alipiga simu akasema, "Kaka, mengine yote sema. Hili la darasa la jioni liache."

"Kwa nini?"

"Liache tu, kaka. Nakuomba."

Yasir akamwambia siasa haiendi kwa kuombana. Alipokata akaniambia huyu ameshatiwa maneno na mwalimu. Mimi nikakubali, maana nilijua Zulaika na Mwalimu Loise wamekuwa marafiki.

Shifaa, kwa upande wake, alichangamka. Miaka yote ile kwenye simu alikuwa mtoto wa salama, nzuri, ndiyo mama. Unamuuliza umekula nini, anakwambia chakula. Lakini kampeni ilipoanza akawa yeye ndiye anayempigia baba yake: mama wa fulani amesema atakuchagua, baba wa fulani bado anasitasita, mwambie hivi. Yasir alikuwa anacheka peke yake. "Huyu kanirithi mimi," anasema. Bi Hadijah tulikuwa tunampigia asubuhi, kama siku zote, anatuombea dua ndefu. Alasiri hatukuwa tunampigia, tulishazoea kuambiwa amelala. Tulisema ni umri.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumamosi. Yasir alikwenda stoo amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Wahindi wa duka la jirani wakamuuliza kama anaoa. Kule shuleni waliisimamisha simu juu ya meza, wazazi wamejaa kwenye madawati, na sisi watatu, Yasir, Shakir na mimi, tumebanana mbele ya kioo kidogo. Mshindani wake alikuwa baba mmoja mwenye duka la dawa, mtu mpole, maneno machache. Watu walinyoosha mikono. Mikono ya Yasir ilikuwa mingi zaidi, ilionekana hata kwa ile picha yetu inayokatikakatika. Shakir alimkumbatia. Mimi nililia, sitaficha, kwa fahari.

Mwalimu mkuu akasema mjumbe mpya apewe nafasi. Yasir akakohoa, akashika kofia yake, akasema amepokea amana, na la kwanza analoomba ni hili: kuanzia Jumatatu darasa la jioni lifungwe, kila mtoto arudi kwa waliomzaa. Wakapiga makofi.

Makofi yalipotulia mwanamke mmoja alisimama nyuma, nguo ya kijani, miwani. Nilikuwa sijawahi kumwona uso. Akasema, "Baba Shifaa, hongera. Mimi ndiye Mwalimu Loise. Sitabishana na wewe, umechaguliwa. Nauliza kitu kimoja tu. Kuanzia Jumatatu, Shifaa atakuwa anakaa wapi mpaka nyanya yake alale?"

Niliona watu wanatazama chini, mmoja mmoja, kama wanafunzi walioulizwa swali. Mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu, hayo tutayazungumza ofisini." Yeye akasema, "Hapana, nauliza kwa sababu lile darasa nililifungua kwa ajili yake. Wengine walifuata tu. Ama baba hajui?"

Hakujua. Wala mimi. Na kila mtu aliyenyoosha mkono pale alijua.

Kule bara sijui wao hufanyaje. Kwetu mtu aliye nje haambiwi la kumuumiza. Akifiwa, anaambiwa maiti ameshazikwa. Mgonjwa anatajwa akishapona. Atafanya nini huko aliko, tunasema, si kumtesa roho bure, ataharibu kazi. Na yule wa nje naye hasemi yake. Shifaa mpaka wakati ule alijua tunaishi nyumba yenye sebule. Hakuna aliyemwambia habari ya pazia. Ndivyo tunavyopendana. Mwalimu Loise alikuwa mgeni wa mambo hayo, akasema mbele ya watu kitu ambacho mji mzima ulikuwa umekifunika.

Zulaika alitueleza baadaye siku ileile, kwa kilio, maneno yanapandana. Bi Hadijah akili zilikuwa zimemtoka muda mrefu. Asubuhi yuko salama, anajua watu, anaomba dua. Ikifika alasiri anachafuka. Na anapochafuka, Shifaa hamwoni kuwa ni mjukuu wake. Anamwona ni mke mwenza, yule mwanamke ambaye marehemu baba mkwe alimwoa juu yake zamani. Anamtukana matusi ambayo Zulaika hakuweza kuyatamka. Siku moja alimrushia maji ya chai yaliyokuwa yanachemka jikoni, yakamwagikia bega. Ndipo Zulaika alipokwenda kwa Mwalimu Loise, akamwomba amshikie mtoto mpaka bibi alale. Na ndipo lilipoanza darasa la jioni.

"Na bega lake?" nikauliza.

"Limepona, wifi. Limebaki alama tu."

Mtoto wangu ana alama begani na mimi sijui ni bega gani. Nilimuuliza Zulaika, akanijibu, la kushoto.

Yasir hakupiga kelele. Alimgeukia Shakir, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ulijua?" Shakir akasema mkewe alimwambia. Akasema, "Nilidhani nakuhifadhi, ndugu yangu." Yasir akaitikia kwa kichwa, akavua kofia, akakaa juu ya boksi la mtu wa Kampala na ile kanzu yake nyeupe. Nilitaka kumkasirikia Shakir lakini nguvu sikuwa nazo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na bibi mwenyewe pia, Mungu anisamehe, mgonjwa wa watu.

Yasir alijaribu kulirudisha darasa. Kikao cha kwanza cha bodi alihudhuria kwa simu, akasema amebadili rai, darasa liendelee. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, akamwambia, "Mheshimiwa, hapa si dukani, bidhaa hairudishwi kwa kuwa mnunuzi amejuta." Akatoa simu yake akawachezea wajumbe sauti ya Yasir mwenyewe, pamoja na krrraa zake. Hatumwazimi mtu amana. Wazazi walichagua maneno haya, akasema, si sura yako. Wakapiga kura, Yasir alikuwa peke yake. Mwalimu Loise akasema basi Shifaa aje nyumbani kwake jioni. Wakasema mtoto wa kike kwenda nyumba ya mwalimu saa zile haifai, na hilo nalo walilitoa kwenye sauti za Yasir, alilisema wiki za mwanzo.

Ukimwuliza mtu yeyote kati yao atakwambia hawakuwa na ubaya, na kweli hawakuwa nao. Walikuwa wanaamini alichowaaminisha.

Kwa hiyo Shifaa akawa anatoka shule saa tisa na nusu, anakwenda chuo, chuo kikiisha anakaa kwenye baraza ya jirani na vitabu vyake mpaka Zulaika amwite. Mvua ikinyesha anajibanza ukutani. Mimi nilimwendea fundi wangu nikamwomba ruhusa nirudi nyumbani. Akaniambia mkataba wako haujaisha, na sikukuu iko mlangoni, kila mwanamke wa mitaa hii ya Deira anataka buibui jipya. Nenda, lakini visa naifuta na tiketi ujikatie. Yasir naye akamwomba arbab. Arbab akasikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya, akasema makontena haya yakiondoka tutaona. Makontena yakaondoka, yakaja mengine. Tulikaa tukapiga hesabu zetu za maisha kila upande, na kila upande tulikuta kwamba tukirudi wote hakuna dawa za bibi wala chakula cha nyumba. Tukaamua nimalize mkataba, kisha mimi nitangulie. Tulipoamua tuliona kama tumefanya jambo. Hatukuwa tumefanya lolote.

Yasir alibadili mtindo wake wa simu. Alikataa kumpigia mtoto asubuhi. Akasema nitampigia saa zilezile mama anapochafuka, nijue. Ijumaa moja karibu na magharibi tulikuwa stoo, tumebanana sikio kwa sikio kwenye simu moja. Shifaa alipokea akiwa uani kwao, amepitia kubadili sare, anatoka kuelekea barazani. Kabla hajatoka tulimsikia Bi Hadijah. Mama mkwe wangu, aliyenipaka hina mikononi siku ya harusi yangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa anapiga kelele, mtoeni malaya huyu nyumbani kwangu, mtoeni kabla mume wangu hajarudi. Kisha mlango wa bati, halafu pumzi za mtoto anayetembea haraka.

"Shifaa," Yasir akasema. "Mama. Uko wapi?"

"Niko barazani sasa. Salama, Baba."

"Usiniambie salama."

Tukamsikia anaweka vitabu chini. Kisha akasema, "Baba, unajua mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wote wawaambie wazazi wao wakuchague."

"Najua, mama. Ahsante."

"Hujui kwa nini." Sauti yake ilikuwa tulivu mno, sauti ya mtu mzima. "Mwenyekiti yuko hapa. Mwalimu mkuu yuko hapa. Wote wa bodi wako hapa. Nikadhani mtu wa bodi lazima awepo. Nikasema Baba akishinda itabidi arudi."

Yasir akaibana simu zaidi sikioni.

"Darasa nilijua litafungwa," Shifaa akasema. "Nikasema si kitu, wewe utakuwa umeshafika."

"Nitakuja, mama. Inshallah."

"Lini?"

Stoo ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Mbele yetu kulikuwa na mizigo ya watu watatu, hata haijaanza kufungwa. Yasir akaitazama, akasema tena, "Inshallah."

Mtoto aliyelelewa kwa simu anajua neno hilo likisemwa kwa ahadi na likisemwa kwa kukwepa. Hakulia. Akasema, "Basi Baba, waachie hicho kiti. Wamchague mtu aliye hapa."

"Sawa, mama," Yasir akasema. "Sawa."

Akabaki ameishika simu sikioni, anasubiri aambiwe neno jingine. Mtoto alikuwa ameshakata, na mimi sikumwambia.